Boti Imeuzwa: Ada ya Maegesho Inamdai Nani?

Boti inapouzwa, pande mbili hukubaliana bei, fedha hulipwa, funguo za injini hukabidhiwa, na muuzaji huondoka akiamini kwamba amemaliza. Mara nyingi huwa hajamaliza. Ikiwa boti ilikuwa na nafasi ya kudumu ya kuegesha, kwenye gati au kwenye boya, ankara za nafasi hiyo huendelea kutolewa kwa jina lilelile lililoandikwa siku nafasi ilipoombwa. Miezi ikipita bila mtu kuuliza, muuzaji huja kupokea dai la fedha kwa ajili ya chombo ambacho hakioni tena, naye mnunuzi huja kuambiwa kwamba boti aliyoinunua haiondoki mpaka hesabu zilipwe.

Kila mmoja huona ameonewa. Muuzaji husema, "Boti si yangu." Mnunuzi husema, "Mimi sikusaini mkataba wowote wa maegesho." Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na deni likawa halali vilevile. Makala haya yanaeleza sababu ya jambo hilo, kipindi ambacho kila upande huwajibika, na hatua ambazo mkazi wa kata za pwani au za ziwani anapaswa kuzichukua ili mauzo yake yasigeuke kuwa madai.

Boti ni mali, nafasi ni mkataba

Kosa linalozaa migogoro mingi ni kudhani kwamba nafasi ya kuegesha ni sehemu ya boti, kama ilivyo nanga au usukani. Sivyo. Boti ni mali inayohamishika, na umiliki wake huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi kwa makubaliano yao. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inaweka msingi kwamba mali iliyo bayana huhama wakati ule ambao wahusika walikusudia ihame, na kwamba kwa kawaida hatari ya kupotea au kuharibika kwa mali huhama pamoja na umiliki. Kwa hiyo, wahusika wakishakusudia hivyo, boti inaweza kuwa ya mnunuzi hata kabla haijasogea hatua moja kutoka ilipofungwa.

Nafasi ya kuegesha ni jambo jingine. Ni ahadi kati ya watu wawili: msimamizi wa maegesho ameahidi kumhifadhia mtu fulani mahali, na mtu huyo ameahidi kulipa ada. Ahadi ya namna hiyo inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura 345. Mnunuzi wa boti hakuwepo katika ahadi hiyo, na msimamizi wa maegesho hakuwepo katika mauzo. Makubaliano ya watu wawili hayawezi kumwondolea mtu wa tatu haki yake bila ridhaa yake. Muuzaji na mnunuzi wakipatana kwamba "kuanzia leo ada utalipa wewe", mapatano hayo yanawafunga wao wawili tu. Msimamizi bado ana haki ya kumdai yule aliyesaini, mpaka yeye mwenyewe akubali kumpokea mdaiwa mpya badala ya yule wa zamani, au mpaka mkataba ukomeshwe kwa njia iliyoandikwa ndani yake.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba ada hulipwa kwa ajili ya mahali palipohifadhiwa, si kwa ajili ya boti kuelea hapo. Boti inaweza kuondoka na nafasi ikabaki wazi, lakini maadamu imewekwa kwa jina la mtu na mwingine hawezi kupewa, ada inaendelea. Mpangaji aliyehamisha vitanda vyake bila kurudisha ufunguo hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba kodi imekoma.

Msingi huo ni mmoja, iwe maegesho yanaendeshwa na mamlaka ya umma, klabu ya wanamaji au kampuni binafsi, na iwe ni maegesho makubwa kama yaliyopo Msasani jijini Dar es Salaam au ni boya moja lililotiwa nanga ndani ya ghuba. Tofauti ni ndogo: panapotozwa ada na Halmashauri, kiwango na masharti yake hutokana na sheria ndogo, na si lazima kuwe na mkataba uliosainiwa. Hapo mtu wa kwanza kudaiwa ni yule ambaye sheria ndogo inamtaja, awe mmiliki au mwendeshaji wa chombo, na mtoza ushuru humtambua kwa jina lililopo katika daftari lake.

Madaftari manne

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa boti, daftari si moja. Chombo kimoja kinaweza kuwa na kumbukumbu katika sehemu nne tofauti, na mauzo hayabadilishi hata mojawapo mpaka mtu aende kuibadilisha.

La kwanza ni hati ya mauzo, ambayo wahusika wanaiandika wenyewe. Hii ndiyo inayothibitisha nani ni mmiliki na tangu lini.

La pili ni daftari la usajili wa chombo. Kwa Tanzania Bara, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuanza kazi mwaka 2018, ndilo lenye dhamana ya usajili na usalama wa vyombo vya majini. Kwa Zanzibar, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA). Boti inayouzwa kutoka Bara kwenda Unguja au Pemba, au kutoka huko kuja Bara, huvuka pia mipaka ya usajili, na wahusika wanapaswa kuulizia pande zote mbili.

La tatu ni kumbukumbu za uvuvi, ikiwa chombo kinavua. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, chombo cha uvuvi husajiliwa na kupewa leseni, na leseni hutolewa kwa jina la mwombaji. Afisa Uvuvi wa Halmashauri ndiye mlango wa kwanza wa huduma hii, na Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) cha diko au mwalo husika huwa na orodha ya vyombo vya eneo lake.

La nne ni daftari la maegesho, lenye jina la mwenye nafasi, namba ya nafasi, urefu wa boti, kiwango cha ada na tarehe ya kuanza.

Madaftari haya hayazungumzi yenyewe kwa yenyewe. Aliyebadilisha usajili hajabadilisha maegesho, na aliyekata leseni mpya ya uvuvi hajafuta ankara. Wengi hubadilisha daftari moja, tena lile ambalo mnunuzi analihitaji haraka ili aingie baharini, na kuyaacha mengine.

Hasara yake si ya fedha peke yake. Chombo kikikamatwa kwa uvuvi haramu, kikipata ajali, au kikizama mahali kinapozuia njia ya vyombo vingine, swali la kwanza la wenye mamlaka huwa ni: kimeandikwa kwa jina la nani? Jina lililo katika daftari si hukumu, na mwenye jina anaweza kuthibitisha kwamba alikwisha kuuza. Lakini atalazimika kuthibitisha, na asiye na hati ya tarehe atapata taabu kubwa kuthibitisha.

Nani hulipa, kipindi kwa kipindi

Ni vyema kugawa suala hili katika vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza ni kabla ya mauzo. Ada zote zilizolimbikizwa hadi siku ya mauzo ni za muuzaji. Mnunuzi hawi mdaiwa wa malimbikizo hayo kwa sababu tu amenunua boti, isipokuwa amekubali kuyabeba, na kukubali huko ni lazima kuwe wazi.

Kipindi cha pili ni baada ya mauzo lakini kabla ya taarifa kufika kwa msimamizi. Hiki ndicho kipindi cha hatari. Mbele ya msimamizi, anayedaiwa bado ni muuzaji. Kati ya muuzaji na mnunuzi, hata hivyo, haki inategemea walivyopatana. Ikiwa hati ya mauzo inasema mnunuzi atalipa ada kuanzia siku ya makabidhiano, basi muuzaji akilazimika kulipa anaweza kumgeukia mnunuzi amrudishie. Ikiwa hati haisemi kitu, muuzaji anabaki na hoja kwamba mnunuzi ndiye aliyeitumia nafasi, lakini hoja hiyo ni dhaifu kuliko mstari mmoja ulioandikwa na kusainiwa.

Kipindi cha tatu ni baada ya taarifa kupokelewa na muda wa notisi, kama upo, kumalizika. Hapa muuzaji ametoka. Boti ikiendelea kubaki pale, anayeiacha pale ni mnunuzi, na ada inadaiwa kwake kwa mkataba mpya au kwa viwango vya boti za wageni, ambavyo mahali pengi huwa juu kuliko vya wenye nafasi za kudumu.

Mfano wa kubuni utaonyesha tofauti ya vipindi hivi. Tuseme ada ni Sh 50,000 kwa mwezi. Muuzaji anauza boti tarehe 1 Machi, akiwa amelipa ada zote hadi mwisho wa Februari. Kusi inakaribia, na mnunuzi, ambaye hana haraka ya kutoka, anaiacha boti ilipo. Upepo unavuma, bahari inachafuka, boti inabaki imefungwa. Mwanzoni mwa Oktoba, bahari ikishatulia, mnunuzi anaiondoa na kuipeleka kwenye diko la kwao. Kuanzia Machi hadi Septemba ni miezi 7, yaani Sh 350,000. Lakini hakuna aliyemwambia msimamizi kwamba nafasi imeachwa. Ankara zinaendelea hadi mwisho wa Februari ya mwaka unaofuata, miezi mingine 5, yaani Sh 250,000 zaidi. Muuzaji anapopigiwa simu, deni ni Sh 600,000, mbali na faini za kuchelewa kama mkataba unazo.

Muuzaji huyo anaweza kumdai mnunuzi Sh 350,000 za miezi ambayo boti ya mnunuzi ilikaa pale, ikiwa ana ushahidi wa mapatano yao. Lakini zile Sh 250,000 za nafasi tupu hazina wa kumlaumu isipokuwa barua ambayo haikuandikwa. Karatasi moja, iliyopelekwa tarehe 1 Machi, ingelizuia deni lote hilo au sehemu yake kubwa.

Malipo ya mbele na amana

Kinyume chake pia hutokea. Muuzaji huwa amelipa ada ya mwaka mzima, kisha akauza boti katikati ya mwaka. Je, miezi iliyobaki ni ya nani? Jibu linapatikana sehemu mbili. Kwanza, mkataba wa maegesho: ipo mikataba inayorudisha fedha za miezi isiyotumika, na ipo isiyorudisha kabisa. Pili, hati ya mauzo: mnunuzi hana haki ya kuutumia muda huo bure isipokuwa umehesabiwa ndani ya bei na msimamizi amekubali. Mikataba mingi ya maegesho hukataza mwenye nafasi kumkabidhi mtu mwingine bila kibali, kwa sababu msimamizi anataka kujua ni nani anayeingia na chombo gani. Pengine kuna foleni ya waombaji wanaosubiri nafasi, na mnunuzi wa boti hawezi kuwaruka.

Amana iliyowekwa mwanzoni nayo isisahaulike. Ni mali ya aliyeiweka. Muuzaji aidai kwa maandishi anapofunga mkataba wake, akitoa stakabadhi ya siku alipoilipa.

Boti inapolipwa kwa awamu

Mauzo ya awamu ni ya kawaida miongoni mwa wavuvi. Mnunuzi hutoa sehemu ya bei, huchukua boti, na kumalizia kadiri samaki wanavyopatikana. Utaratibu huu una faida zake, lakini ndio unaoleta utata mkubwa kuhusu ada, kwa kuwa umiliki na matumizi hutengana. Ikiwa wamepatana kwamba boti inabaki ya muuzaji mpaka shilingi ya mwisho ilipwe, basi muuzaji bado ni mmiliki huku mnunuzi akiwa baharini. Ikiwa wamepatana kwamba umiliki umehama siku ya kwanza na kinachobaki ni deni la bei, basi hali ni nyingine kabisa.

Hati ya mauzo ya awamu inapaswa kujibu maswali matatu bila kigugumizi: umiliki unahama siku gani, nani analipa ada ya maegesho, leseni na matengenezo katika kipindi cha kulipana, na mnunuzi akishindwa kumalizia, ada alizokwisha kulipa zitahesabiwaje. Msimamizi wa maegesho naye aelezwe hali hiyo. Anaweza kukubali kupokea malipo kutoka kwa mnunuzi, lakini kupokea fedha kutoka kwa mtu si lazima kumaanishe kwamba amemfuta mdaiwa wa awali. Jambo hilo liulizwe na lijibiwe kwa maandishi.

Boti za mirathi na za ubia zinahitaji uangalifu wa ziada. Boti ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ada zilizokuwa zikidaiwa ni miongoni mwa madeni ya mirathi ambayo hulipwa kabla ya warithi kugawana. Boti ya ubia huuzwa kwa ridhaa ya wabia wote. Saini ya mmoja haitoshi, hata kama ndiye nahodha na ndiye anayejulikana gatini.

Barua inayomtoa muuzaji

Taarifa ya mdomo kwa mlinzi wa gati si taarifa. Mlinzi hubadilishwa zamu, na maneno hayana tarehe. Taarifa inayomlinda muuzaji ni ya maandishi, inapelekwa ofisi inayotoa ankara, na nakala yake inagongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Maneno yake hayahitaji kuwa mengi:

"Ninatoa taarifa kwamba boti yenye usajili namba ……, iliyoko katika nafasi namba ……, nimeiuza tarehe ……. Ninaomba mkataba wangu wa nafasi hiyo ukomeshwe kuanzia tarehe ……, kwa kuzingatia muda wa notisi uliomo katika mkataba. Ninaomba nipatiwe hesabu ya mwisho ya ada ninazodaiwa, uthibitisho wa maandishi kwamba sitadaiwa ada baada ya tarehe hiyo, na kurudishiwa amana yangu. Jina na simu ya mnunuzi ni ……. Nakala ya hati ya mauzo imeambatishwa."

Kabla ya kuiandika barua hiyo, muuzaji ausome mkataba wake. Ukidai notisi ya mwezi mmoja, basi ada ya mwezi huo ni yake hata kama boti imekwisha kuondoka, na ni busara kuihesabu ndani ya bei. Aliye na mauzo yanayojulikana mapema hutoa notisi siku anapopokea malipo ya kwanza, hasubiri ya mwisho.

Hesabu ya mwisho ilipwe kwa njia rasmi. Ada za Halmashauri hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na ofisi, kupitia benki au simu, na mlipaji hupata stakabadhi. Mkazi asikubali kumkabidhi mtu yeyote fedha taslimu bila stakabadhi, hata kama mtu huyo anafahamika. Malipo yasiyo na stakabadhi huhesabiwa kama hayakufanyika, na mwenye kudaiwa hulipa mara mbili.

Mnunuzi aangalie nini kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi makini hukagua mbao au faiba, huwasha injini, hutazama kama maji yanaingia. Ukaguzi wa karatasi una uzito uleule. Mambo manne yanatosha.

Athibitishe kwamba anayeuza ndiye mmiliki, kwa kulinganisha jina lake na kitambulisho, cheti cha usajili na namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo. Injini nayo ilinganishwe namba zake, kwa maana huweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye boti.

Afike ofisi ya maegesho pamoja na muuzaji, aombe taarifa ya maandishi ya deni hadi siku hiyo. Mikataba mingi ya maegesho huwa na kifungu kinachompa msimamizi haki ya kuzuia chombo kisiondoke hadi deni lilipwe. Mnunuzi hakuusaini mkataba huo na anaweza kupinga, lakini wakati anapinga, boti imefungwa na msimu unapita. Dawa yake ni kujua deni kabla ya kununua. Likiwapo, sehemu ya bei ilipwe moja kwa moja kwenye ofisi hiyo, na muuzaji apewe inayobaki.

Aulize kama nafasi itaendelea kuwa yake. Bei ya boti iliyopandishwa kwa maneno "ina na maegesho yake" ni bei ya kitu ambacho muuzaji huenda hana mamlaka ya kukiuza. Jibu la kweli hutoka kwa msimamizi peke yake.

Mwisho, akubaliane na msimamizi, siku ileile, kama anachukua nafasi kwa mkataba mpya au anaondoa boti, na kwa tarehe ipi.

Deni likishakuwapo

Kwa aliyekwisha kuchelewa, bado zipo njia. Ya kwanza ni kukomesha ada isiendelee: barua ya taarifa iandikwe leo, hata kama mauzo yalikuwa ya mwaka jana. Haitafuta yaliyopita, lakini itafunga mlango. Ya pili ni kuomba mchanganuo wa deni, mwezi kwa mwezi, na kuulinganisha na stakabadhi. Ya tatu ni kutafuta ushahidi wa kwamba msimamizi alijua. Ikiwa ofisi ilikuwa ikipokea ada kutoka kwa mnunuzi kwa jina lake, ikimwandikia barua au ikimpangia nafasi nyingine, hayo yanaweza kuonyesha kwamba ilikwisha kumtambua kuwa mdaiwa mpya.

Likibaki deni la kweli, mazungumzo ya kulipa kidogo kidogo ni bora kuliko kukimbia simu. Kukaa kimya hakuliui deni upesi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura 89, madai yanayotokana na mkataba kwa kawaida huweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu yake, muda huo huanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo anayepinga deni asisaini karatasi ya kukiri kabla ya kuelewa anachokisaini.

Muuzaji na mnunuzi wanaotofautiana wanaweza kuanza kwa usuluhishi katika kata, kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata na Baraza la Kata. Ikishindikana, madai ya fedha hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ndani ya kiwango cha fedha ambacho mahakama hiyo imepewa kusikiliza. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuwaona wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hutoa elimu na ushauri bila malipo. Mlalamikaji abebe hati ya mauzo, nakala ya mkataba wa maegesho, barua zote zenye muhuri, stakabadhi, na ujumbe wa simu aliobadilishana na mwenzake. Ujumbe huo usifutwe, kwani mara nyingi ndio pekee unaoonyesha tarehe ambayo mnunuzi alikubali kubeba ada.

Wakazi wanaotarajia kuuza au kununua chombo kabla ya msimu ujao wanashauriwa kumuona Afisa Uvuvi na ofisi ya maegesho kabla ya siku ya makabidhiano. Wafike wote wawili, wakiwa na vitambulisho, cheti cha usajili wa chombo, stakabadhi ya mwisho ya ada na nakala tatu za hati ya mauzo: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, na moja ya kubaki ofisini.